Ulimi wa Ng'ombe Ni Mmea Upi?

Ukimwomba muuza mitishamba wa Tehran gol-e gavzaban, atakupimia maua makavu ya zambarau, ya kuchemsha na kunywa ili kutuliza moyo. Kwa Kiajemi, gavzaban maana yake ni ulimi wa ng'ombe. Mtaalamu wa mimea atayaita maua hayo Echium amoenum, mmea wa milima ya kaskazini mwa Iran na Kaukazi. Lakini kwenye maduka ya tiba ya Kiyunani (Unani) ya India na Pakistan, ukitaja jina hilohilo mara nyingi utaletewa Onosma bracteatum, na vitabu vingi vya Ulaya hulitafsiri kuwa Borago officinalis. Kwa hiyo orodha zinazopanga jina la kale huku na la Kilatini kule, kana kwamba ni bei na bidhaa, hazifai kuaminiwa kirahisi.

Tabibu Ibn Sina, katika kitabu cha pili cha Qanun, kazi yake ya tiba ya karne ya 11, anaueleza lisan al-thawr, yaani ulimi wa ng'ombe kwa Kiarabu, kuwa mmea wa majani mapana yanayokwaruza, wenye vijiti kama miguu ya nzige. Ulio bora, anasema, ni wa Khorasan, wenye majani manene na vidoadoa ambavyo ni mashina ya vinyweleo. Hayo ni macho makali: vidoa vya namna hiyo vimo kwa wengi wa jamii ya Boraginaceae. Tatizo ni kwamba Echium, Onosma na Borago wote ni wa jamii hiyo. Maelezo yanatufikisha kwenye ukoo, mlango wa nyumba hatuuoni. Tena yeye anasifia jani, ilhali Tehran ya leo inauza ua.

Wapo watakaosema soko ndilo shahidi, kwani ujuzi umerithiwa mkono kwa mkono. Umerithiwa, ndiyo, ila muuzaji huuza kinachopatikana karibu, na mmea ukiadimika jina huhamia kwa jirani yake. Wengine watasema ndugu hawa wana kemikali zilezile, basi tofauti ni ya nini? Hoja hii ina hatari. Wengi katika jamii hiyo wana alkaloidi za pirolizidini, ambazo huweza kuharibu ini, na kiasi chake hubadilika kwa spishi na hata kwa sehemu ya mmea. Jaribio lililofanywa kwa maua ya Echium haliwezi kuthibitisha jani alilolisifu Ibn Sina, wala kulihukumu.

Uandishi mwaminifu ungetenga mambo mawili. Gavzaban ya Qanun: jani la mmoja wa Boraginaceae, spishi haijathibitika. Gavzaban ya soko la Tehran: ua la Echium amoenum, pamoja na mahali lilipochumwa, mwezi, na namba ya sampuli kavu iliyohifadhiwa ili mwingine aje kuikagua.