Tochi, Picha na Faini

Sheria ya Usalama Barabarani ya Tanzania ya mwaka 1973 inaweka ukomo wa kilomita 50 kwa saa kwenye maeneo ya makazi, na huko ndiko tochi za trafiki, yaani vifaa vya kupima mwendo, huonekana zaidi. Askari mmoja hupiga picha, humrushia mwenzake aliye mbele kwa simu, na gari husimamishwa huko. Ugomvi huanza picha isipoonyesha sawasawa namba za gari na mwendo, au kibao cha 50 kinapokuwa kimemezwa na vichaka. Dereva anaweza kukana kosa na kwenda mahakamani. Wachache huthubutu, maana abiria wanasubiri.

Faini ya kosa moja ni shilingi 30,000. Mwaka 2021 bodaboda na bajaji zilipunguziwa hadi 10,000. Tajiri hulipa na kusahau, ilhali dereva wa daladala hutoa riziki ya siku. Finland hupima faini ya mwendo mkubwa kwa kipato cha mkosaji, na hilo lina mantiki zaidi.

Malipo kwa kumbukumbu namba yamepunguza pesa za mkononi, ingawa mazungumzo ya pembeni hufanyika kabla mashine ya kutoa namba hiyo haijaguswa.