Matango ya Nyumbani: Kuzuia Uchungu na Matunda Yenye Kasoro

Tango chungu lisiliwe. Uchungu huo hutokana na kemikali ziitwazo kukabitasini, ambazo mimea ya jamii ya maboga hujitengenezea ili kujikinga na wadudu. Aghalabu hujikusanya chini ya ganda na upande wa kikonyo, na kupika hakuziondoi. Desturi ya kukata ncha na kuonja kipande kabla ya kutengeneza kachumbari ni njema na idumishwe. Kikiwa kichungu sana, kitemwe na tango litupwe. Mtu akipatwa na kichefuchefu, kutapika au kuharisha baada ya kulila, Poison Control wapigiwe simu kwa namba 1-800-222-1222, saa yoyote, bila malipo. Mkalimani anaweza kuombwa.

Wapo wanaodhani kwamba tango huwa chungu kwa kupandwa jirani na boga au tikiti. Si hivyo. Tango halichavushani na mimea hiyo. Kinachozidisha uchungu ni dhiki ya mmea, hasa ukame na joto kali, na Julai ya Woodbury haina uhaba wa joto. Mmea huhitaji takriban milimita 25 za maji kwa wiki, mvua ikihesabiwa humo. Maji yamwagwe shinani, kwa utaratibu, badala ya kuuacha mmea unyauke kisha kuufurikisha. Mmea ulio kwenye ndoo kibarazani huenda ukahitaji maji kila siku. Matandazo huhifadhi unyevu, lakini nyasi zilizokatwa kwenye ua uliopigwa dawa ya magugu zisitumike, kwani dawa hiyo huweza kuharibu matango.

Tango lililopinda au kusinyaa ncha moja mara nyingi halikupata chavua ya kutosha. Maua ya kwanza huwa madume na hupukutika yenyewe. Hilo lisimtie mtu hofu. Ua jike hutambulikana kwa tango dogo lililo nyuma yake. Nyuki ndio wanaobeba chavua, kwa hiyo dawa ya wadudu isinyunyizwe juu ya maua, na kitambaa cha kufunikia mimea kiondolewe maua yanapoanza. Nyuki wakiadimika, chavua ihamishwe asubuhi kwa brashi ndogo. Kwa wakaao ghorofani, zipo aina zinazozaa bila uchavushaji. Maelezo ya pakiti ya mbegu yasomwe.

Aliyezoea kupanda kwa kufuata masika, huku hungojea jalidi ipite. Mbegu zipandwe mwishoni mwa Mei au mapema Juni, udongo ukiwa umefikia nyuzi 18 za Selsiasi, yaani 65 za Farenhaiti. Mmea ukianza kuzaa, matunda yachumwe kila baada ya siku moja au mbili. Tango likiachwa linenepe na kugeuka manjano, mbegu zake hukomaa, na mmea hupunguza kuzaa.

Mbolea nayo iangaliwe, maana tango huliwa bichi. Samadi mbichi ya ng'ombe, mbuzi au kuku huweza kubeba vijidudu vya kuharisha. Inashauriwa zipite siku 120 tangu itiwe hadi siku ya kuvuna, muda ambao ni mrefu kuliko msimu mzima wa matango Minnesota; basi itiwe tangu msimu wa kupukutika majani, au itumike mboji iliyooza vizuri. Mizabibu ikipandishwa juu ya kichanja, matunda hayagusi udongo. Hata hivyo yaoshwe kwa maji yanayotiririka kabla ya kumenywa, kwani kisu huupeleka uchafu wa ganda hadi ndani.