Homa ya Anayejidunga: Usiishie Kwenye Malaria

Homa ikimshika mtu wa Baraka au Fizi, ugonjwa wa kwanza kutajwa ni malaria. Ikiandamana na kikohozi, hutajwa kifua kikuu. Mara nyingi ni kweli. Lakini kwa anayejidunga dawa za kulevya upo ugonjwa mwingine usiostahimili kucheleweshwa: maambukizi ya vali za moyo.

Vali ni milango inayoipitisha damu upande mmoja tu. Sindano iliyotumika, ngozi isiyosafishwa au maji machafu ya kuchanganyia dawa huingiza bakteria mshipani, hasa stafilokokasi, ambao huishi kwenye ngozi. Damu ya mshipa huo hufika kwanza upande wa kulia wa moyo, na ndiyo sababu vali za kulia huathirika sana kwa watu hawa. Bakteria hujikusanya hapo kama vinundu. Vipande vikimeguka huingia mapafuni na kufanya majipu: mgonjwa hukohoa, pengine damu, na kifua humchoma. Upande wa kushoto ukiambukizwa, vipande huweza kufika ubongoni vikaleta kiharusi, au vikaziba mishipa ya figo na miguu. Vali ikitoboka, moyo huelemewa.

Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, Tanzania inaijua hatari ya sindano. Mwaka 2005 iliripotiwa kutoka Dar es Salaam kwamba baadhi ya watumiaji wa heroini walijidunga damu ya mwenzao aliyekwisha kujidunga, wakitumaini kupunguza arosto, yaani mateso ya kukosa dawa. Mwaka 2011 Hospitali ya Muhimbili ilianza kutoa methadoni, dawa ya kunywa inayomwezesha mraibu kuachana na sindano.

Tiba ya vali zilizoambukizwa ipo, ila ni ndefu: antibiotiki za mshipani, mara nyingi kwa wiki 4 hadi 6, na wengine huhitaji upasuaji. Inapowezekana, damu ya kuotesha bakteria hutolewa mara 3 kabla ya dawa kuanza, kisha moyo hupimwa kwa ekografia. Vidonge vya antibiotiki vya dukani huweza kuwaficha bakteria wasionekane kwenye kipimo, huku vali ikiendelea kuliwa.

Kwa hiyo, ndugu wa mgonjwa, homa isipoisha baada ya tiba ya malaria, mwambie daktari waziwazi kwamba mtu wenu hujidunga. Nanyi wauguzi, ipokeeni habari hiyo bila kumkemea: akifokewa leo, kesho hatarudi, na bila tiba ugonjwa huu huua.