Hita ya Injini ya Dizeli Katika Nchi za Zamhariri

Katika miji kama Fairbanks ya Alaska na Winnipeg ya Kanada, mgeni aliyetoka nchi za joto huona jambo ambalo kwanza hulidhani mzaha: malori yaliyoegeshwa usiku yamechomekwa kwenye soketi za umeme mithili ya pasi, ilhali yanakwenda kwa dizeli. Ndugu zetu wa Afrika Mashariki na Kongo walioshika udereva wa malori huko wanalijua vema jambo hili, maana baridi hushuka pengine hata nyuzi 40 chini ya sifuri, na lori lisilopashwa joto haliwaki alfajiri kwa kubembelezwa wala kwa kutukanwa.

Sababu imo katika tabia ya dizeli yenyewe. Injini ya petroli huwashwa kwa cheche ya plagi, lakini ile ya Rudolf Diesel, Mjerumani aliyeifanikisha mwaka 1897, haihitaji cheche. Pistoni huishindilia hewa ndani ya silinda mpaka ikabaki takriban sehemu moja katika 16 au zaidi ya ujazo wake wa awali, na kwa kushindiliwa huko hewa hupata hari kali itoshayo kuyawasha mafuta mara nozeli inapoyanyunyiza. Chuma kilichozizima usiku kucha huinyonya hari hiyo kabla mafuta hayajashika moto. Oili nayo imekuwa nzito, stata huizungusha injini kwa taabu, na betri, ambayo baridi imekwisha kuipunguzia nguvu, hudaiwa kazi kubwa siku ileile isiyoiweza. Moshi mweupe utokao kwenye ekzosi si kitu ila dizeli isiyoungua.

Hita huondoa shida hii kwenye asili yake. Ni koili ya umeme iliyopenyezwa ubavuni mwa bloku, ikazama katika maji ya rejeta. Maji yakipata joto hupanda na kuzizunguka silinda, na chuma huacha kuiba hari. Hita ya lori kubwa aghalabu huwa ya wati 1000 hadi 1500. Dereva mzoefu akishachomeka waya huinama karibu na bampa akasikiliza: msisimko mdogo wa maji yanayogusana na koili humhakikishia kwamba kazi imeanza, na pakiwa kimya, heri ajue usiku kwamba waya umekatika kuliko kujua alfajiri.

Miongoni mwa waanzilishi wa hita hizi hutajwa Andrew Freeman wa Grand Forks, Dakota Kaskazini, aliyepata hataza mwaka 1949 kwa hita iliyokaa ndani ya bolti ya kichwa cha injini. Alikuwa meneja wa ushirika wa umeme, basi sistaajabu kwamba dawa aliiona kwenye soketi.

Si lazima kuteketeza umeme usiku kucha. Muda wa saa tatu au nne kabla ya safari watosha, na swichi yenye saa huifanya kazi hiyo dereva angali amelala. Hita ya wati 1000 itakula uniti 4, badala ya 12 za usiku mzima, na hata ikiachwa usiku kucha injini haitapata joto zaidi sana ya lile. Hadhari ni kwenye waya: waya mwembamba wa nyumbani hupata moto na waweza kuunguza. Wapo pia wanaopuliza etha kwenye njia ya hewa ili kuharakisha mambo. Katika injini yenye plagi za kupasha joto, huko ni kuitafutia pistoni mauti.

Lakini hita haifiki kwenye tangi. Dizeli ina nta ambayo baridi huigandisha ikaziba filta, na injini iliyopashwa vizuri huwaka, ikanguruma dakika chache, kisha ikazimika kwa njaa. Dereva aliyejaza tangi Texas kwenye joto akalala Minnesota kwenye baridi huilaumu hita bure. Alichohitaji ni dizeli ya majira ya baridi, au dawa ya kuzuia nta iliyotiwa tangini kabla mafuta hayajaganda, kwani yakishaganda kazi yake ni kubadili filta kwa vidole vilivyokufa ganzi.