Mwili Nao Una Haki Yake



Sisi ni walimu wa chuo hapa Magu, katika njia kuu itokayo Mwanza kwenda Musoma. Kwa miaka mingi tumewasomesha watoto Kurani, na leo twataka kukiri kosa letu, ili wenzetu wasilirudie.

Alikuwapo chuoni kwetu kijana mmoja mwepesi wa kuhifadhi. Kila alasiri alikuja amechelewa, na vumbi la uwanjani li miguuni pake. Tulimkanya, kisha tukamchapa, na mwishowe tukamwambia achague: mpira au chuo. Akachagua mpira, na Juzuu Amma akaiacha katikati. Siku zile tulisema kwamba mpira umemharibu. Leo twajua ya kuwa sisi ndio tuliomfukuza.

Yatupasa tujiulize: ni nini kimfanyacho mtoto acheze au asicheze? Wengi husema ni uvivu wake au utundu wake. Lakini tukitazama vema, twaona kwamba mtoto huongozwa na walio karibu naye. Baba akishinda barazani kutwa, mwanawe hujifunza kuketi. Mama akimwambia bintiye kwamba mbio ni za wanaume, binti hukaa ndani. Mwalimu akiweka darasa saa ile ile ya mchezo, humlazimisha mtoto kuacha kimojawapo. Na uwanja wa mtaa ukijengwa nyumba, hata apendaye kucheza hukosa mahali.

Je, dini yetu imekataza? Hasha! Katika Suratul Baqara twasoma habari za Taluti, ambaye Mwenyezi Mungu alimzidishia elimu na nguvu za mwili pamoja. Naye Abdallah bin Amri, alipokuwa akifunga kila siku na kukesha kila usiku, Mtume (s.a.w.) alimfahamisha kwamba mwili wake nao una haki juu yake. Bibi Aisha (r.a.) amesimulia kwamba alishindana mbio na Mtume, mara moja akamshinda, na mara nyingine akashindwa. Basi ni nani atakayesema kwamba mbio ni haramu kwa binti? Avae vazi la heshima, achezee mahali panapofaa pamoja na mabinti wenziwe. Hata FIFA, wasimamizi wa mpira duniani, mwaka 2014 waliruhusu wachezaji wafunike vichwa.

Waganga nao wana neno. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2020 kwamba watoto wa miaka 5 hadi 17 wahitaji kuushughulisha mwili dakika 60 kila siku, na watu wazima dakika 150 kwa wiki japo kidogo. Asiyefanya hivyo huyakaribisha maradhi ya sukari, ya moyo na shinikizo la damu. Sisi wazee twenye vitambi tusijitoe katika hesabu hiyo.

Lakini twawaonya watoto wa huku kwetu: msifanye ziwa na malambo kuwa viwanja vyenu. Maji hayo yana konokono wabebao kichocho, na vidudu vyake hupenya ngozi bila mtu kuhisi. Uwanja mkavu watosha. Sulaiman Nyambui, aliyeipatia Tanzania medali ya fedha katika mbio za mita 5,000 huko Moscow mwaka 1980, aliipata kwa miguu juu ya ardhi.

Chuoni kwetu tumebadili saa. Watoto huswali alasiri, hucheza mpaka jua likaribiapo kuchwa, hunawa vumbi, hutawadha, huswali magharibi, ndipo hufungua misahafu. Hawachelewi tena, wala hawasinzii kama zamani.

Ama kijana yule, hakurudi. Tukikutana naye sokoni hutuamkia kwa adabu, "Shikamoo, maalim," nasi huona haya kumtazama usoni. Twamwomba Mwenyezi Mungu atusamehe. Nanyi wazazi na walimu, twawasihi: msimlazimishe mtoto kuchagua baina ya vitu viwili ambavyo Mola wake hakuvitenga.

Wabillahi tawfiq.