Kabla ya Kununua Kadi ya Picha, Fungueni Sanduku



Kikundi kimoja cha vijana kimetuletea swali. Wana kompyuta ya mitumba, ile iliyotoka ofisini, na wanataka watu waje kucheza gemu za mpira kwa kulipia saa, kama kwenye vibanda vya PlayStation. Shida ni kwamba picha inakwama-kwama. Fundi amewaambia wanunue kadi ya picha, ile wauzaji huita GPU. Je, wanunue ipi? Kwa kuwa pesa ni za kikundi, wacha tulijibu polepole.

Kazi kuu ya kadi hii ni kuchora. Gemu hutaka picha mpya 30 au hata 60 kila sekunde. Kompyuta ya ofisini ina kifaa chake kidogo cha kuchora ndani ya prosesa, na hicho kinatosha kabisa kwa barua na hesabu za mweka hazina. Kwa gemu, hapana.

Sisi hapa Kileleshwa tulijifunza kwa kuumia. Mtaa huu wa barabara za Othaya, Kandara na Gatundu zamani ulikuwa wa nyumba zenye bustani. Siku hizi ni maghorofa kila upande, na humo mna vijana wanaobadilisha kadi kila wakipata pesa, wakiuza ile ya zamani. Vijana wetu walichanga miezi minne, wakanunua RX 580 yenye kumbukumbu ya GB 8. Kweli ilikuwa kadi ya nguvu. Tulipofungua kompyuta, haikuingia! Yetu ni ile nyembamba ya ofisi, na kadi ilikuwa pana kushinda sanduku lenyewe. Na hata ingeingia, RX 580 hula kama wati 185, na pawa saplai yetu yote ni ya wati 240, haina hata waya wa kuilisha kadi. Muuzaji alikataa kurudisha pesa. Tulimkasirikia, lakini ukweli ni kwamba hatukupima.

Kwa hivyo chukueni bisibisi na futi kabla hamjapanda matatu kuja Nairobi. Pimeni urefu na upana wa nafasi iliyo ndani. Someni kibandiko cha pawa saplai, muandike wati zake. Kisha tafuteni kama kuna waya wa ziada wenye matundu 6 au 8. Kama haupo, kadi itakula umeme wa madabodi pekee, na hapo mwisho ni wati 75. Hesabu hiyo moja inaondoa kadi nyingi mezani.

Zinazobaki ni chache. GTX 1050 Ti ya mwaka 2016 na GTX 1650 ya mwaka 2019 hukaa kwenye wati 75, na zote zina matoleo mafupi ya kompyuta nyembamba. Angalieni tu, maana baadhi ya GTX 1650 zinadai ule waya. RX 6400 ya mwaka 2022 hula wati 53, lakini kwenye kompyuta za zamani hupoteza mwendo. Sisi tungechukua GTX 1650 fupi.

Msidanganyike na GB. GT 730 yenye GB 4 bado ni kadi dhaifu, ati kwa sababu imeandikwa 4! EA Sports FC 24, iliyotoka 2023, ilitaja GTX 1050 Ti kama kadi ya chini kabisa, tena ikataka RAM ya GB 8 na nafasi ya GB 100 kwenye diski. Kama kompyuta yenu ina RAM ya GB 4, anzeni hapo, ni rahisi zaidi.

Kadi za mitumba zina mambo yake. Hadi Septemba 2022 watu wengi duniani walizitumia kuchimba sarafu ya Ethereum, usiku na mchana, na RX 580 zilipendwa sana kwa kazi hiyo. Kuna pia kadi kuukuu zilizobadilishwa jina ndani ili zijiite GTX 1050 Ti. Programu ya bure ya GPU-Z inaweza kuzifichua. Ombeni gemu ichezwe nusu saa mbele yenu, msikilize feni, ndipo mlipe. Muuzaji akikataa, rudini nyumbani na pesa zenu.

Mkishaifunga, waya wa skrini uingie kwenye kadi yenyewe, usiachwe mahali pa zamani. Mafundi wawili tunaowajua wamelaumu kadi nzima kwa sababu ya kosa hilo. Skrini ya zamani yenye tundu la buluu huenda ikahitaji adapta.

Na umeme je? Kompyuta na skrini zikila wati 200, saa 5 ni yuniti moja ya stima. Iwekeni kwenye bei ya saa tangu siku ya kwanza, kabla wateja hawajazoea bei ya chini.

Vijana wetu waliuza ile RX 580 kwa hasara, wakaongeza kidogo, wakapata GTX 1650 fupi. Iliingia bila kusukumwa. Sasa wanabishana ni nani atakaa na ufunguo wa chumba.