Safari Rally kwenye rafu yako

UKISIKIA kijana anajigamba ana Datsun 240Z kwake, usidhani ameomoka. Huenda iko kwenye rafu, ndogo kuliko simu yako.

Wanaokusanya vigari vya mashindano huanza na kipimo. 1:43 maana yake gari halisi limepunguzwa mara 43, hivyo 240Z inabaki karibu sentimita 10. Vya 1:64, kama Hot Wheels nyingi, ni vidogo zaidi na nafuu.

Lakini kabla utoe doo, jua historia. 240Z ilishinda Safari Rally mara mbili: 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann, na 1973 na Shekhar Mehta. Ukiambiwa ununue "gari la Mehta lililoshinda 1971", unapigwa. Mwaka huo Mehta alimaliza wa pili.

Boksi pia usitupe, maana kigari bila boksi hushuka bei. Kiweke mbali na jua, lisije likafifisha rangi na vibandiko.

Huna pesa? Anza na karatasi. Mbio zilirejea kwenye ubingwa wa dunia 2021, kwa hivyo tiketi yako ya Naivasha ni ya kuhifadhi. Kisha muulize babu au guka kama ana picha au ratiba za zamani, kabla hazijafungiwa njugu. Akizipata, mwambie akusimulie alisimama wapi magari yakipita, na uandike nyuma ya picha. Kigari utaagiza hata mwaka ujao. Simulizi ya mzee haingoji.